SOMO: KABLA YA KUTUPA, ULIZA
Vitu visivyotakikana nyumbani vinaweza kufanya kazi tena



Katika toleo hili tunawaletea somo linalohusu vitu tulivyochoka navyo nyumbani: sufuria iliyotoboka, mtungi uliopasuka, gunia lililochanika, nguo ambazo watoto wamezipita. Somo hili linahitaji mikutano miwili. Mkutano wa kwanza ni wa kusoma kisa na kujadiliana. Wa pili ni wa kutembea bomani na kutenda. Vifaa mtakavyohitaji ni daftari, kalamu, magunia machache na miguu yenu.

KISA

(Mwanachama mmoja asome kwa sauti, polepole.)

Kulikuwa na kikundi cha akina mama katika sehemu kavu za Ukambani. Wanachama walikuwa 22. Walisikia kwamba kuna mnunuzi wa vyuma vikuukuu anayepita na pikapu siku ya soko, basi wakakubaliana kila mmoja alete alichonacho. Kwa miezi mitatu walikusanya mabati yenye kutu, sufuria, fremu za baiskeli na majembe yaliyokwisha, wakajaza magunia matano.

Mnunuzi alipokuja aliinua gunia moja kwa mkono, akasema, "Hii ni kilo 20 hivi." Akahesabu magunia yote vivyo hivyo, akalipa shilingi 15 kwa kilo, jumla shilingi 1,500. Akina mama walifurahi. Hizo ni pesa ambazo hazikuwepo jana, si ndiyo?

Baadaye walijaza gunia lingine kama yale ya kwanza. Safari hii walilipeleka kwa mwenye posho mill awapimie. Mizani ikasoma kilo 41! Wakapiga hesabu na kuona kwamba kwa yale magunia matano wangelipwa karibu shilingi 3,000. Nusu ya jasho lao ilikuwa imekwenda na pikapu.

Kabla hawajamaliza kusikitika, mzee mmoja alifika mkutanoni akiwa na hasira. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, na kile chuma cha plau kinachokata udongo hakikuwepo nyumbani. Kilikuwa kimelala nyuma ya ghala mwaka mzima, kimeshika kutu. Mke wake alikiona ni takataka, akakitia katika gunia la kikundi. Kumbe mzee alikuwa anangoja pesa za kukipeleka kwa fundi achomelee! Chuma hicho kiliuzwa kwa shilingi zisizofika 60. Kikundi kililazimika kununua kingine cha mtumba kwa shilingi 900, na mzee alichelewa kulima kwa siku tisa. Mnajua siku tisa ni nini katika nchi yenye mvua haba. Wanachama wawili waliacha kikundi kwa sababu ya maneno yaliyosemwa siku hiyo.

Sisi wa ofisi ya maendeleo tuliitwa kusuluhisha. Tukaanza kufundisha habari za mizani. Mama mmoja mzee akatukatiza: "Walimu, mizani tutapata. Tuambieni kwanza, ni nani anayesema kwamba kitu hiki ni takataka?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Somo hili limetoka katika swali lake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa hiki, makosa yalikuwa mangapi? Yalitokea wapi?
2. Yule mama wa chuma cha plau alikosa, au alikosewa? Kwa nini mnafikiri hivyo?
3. Nyumbani kwenu, nani huamua kwamba kitu hakina kazi tena? Baba, mama, watoto, nyanya?
4. Je, mambo kama haya yamewahi kutokea kwetu?

(Mjadili kwa vikundi vidogo vya watu wanne au watano, kisha mrudi pamoja. Katibu aandike majibu. Msiharakishe.)

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Watu wengine wanafikiri kutumia kitu mara ya pili ni dalili ya umaskini. Hebu tuangalie soko letu. Mahindi tunayapima kwa debe. Debe lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa kabla ya kuwa kipimo. Gorogoro ni mkebe wa kilo 2 wa mafuta ya kupikia, na nchi nzima inanunua na kuuza kwa mkebe huo. Viatu vya akala vimekatwa kutoka kwa magurudumu ya gari. Koroboi ni mkebe mdogo na utambi. Jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa jua kali walianza kulitengeneza miaka ya mwanzo ya 1980, mara nyingi huvikwa mabati ya mapipa yaliyokwisha kazi. Basi ujuzi huu ni wetu, hatuupokei kwa wageni.

Kilichobadilika ni aina ya taka. Zamani tulitupa maganda na majivu, na ardhi ikayameza. Leo tunatupa plastiki na betri, na ardhi haiwezi kuvimeza. Ng'ombe hula plastiki, ikamziba tumbo akafa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaanzia shilingi milioni 2. Tena sheria ya taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kikundi kinachojifunza kutenganisha taka leo kitakuwa mbele ya wengine.

HATUA YA KWANZA: MATEMBEZI YA BOMA

Chagueni boma moja ambalo wenyewe wamekubali. Tembeeni polepole: jikoni, nyuma ya ghala, chini ya kitanda, kando ya choo. Msiguse kitu bila ruhusa. Kwa kila kitu kilicholala, mwulizeni kila mtu wa nyumba maswali matatu:

- Hiki ni cha nani?
- Kinangoja nini? (Kinangoja pesa, fundi, kipuri, mtu arudi kutoka Nairobi?)
- Kikiondoka leo, nani atakitafuta kesho?

Kitu kinachongoja si takataka. Kiandikeni peke yake katika daftari. Pengine kikundi kinaweza kumsaidia mwenyewe kukitengeneza, na hiyo ingekuwa faida kubwa kuliko kukiuza kwa kilo. Kama wale wenzetu wa Ukambani wangeuliza swali la pili tu, wangechanga pesa kidogo za kuchomelea, na plau ingeingia shambani kwa wakati.

HATUA YA PILI: MAFUNGU MATANO

Vitu ambavyo nyumba nzima imekubali kwamba havitakikani, vipangeni katika mafungu matano.

Fungu la kwanza: Vinavyoweza kutengenezwa. Kiti kilichovunjika mguu, sufuria yenye tundu, redio, baiskeli. Katika kila kijiji kuna kijana mwenye mikono mizuri. Mjue, mpe kazi.

Fungu la pili: Vya kumpa mwingine. Nguo za watoto, viatu, sare za shule, vitabu, magongo ya kutembelea ya mgonjwa aliyepona. Tunashauri kila kikundi kiwe na sanduku la sare. Mwezi wa Desemba kila mzazi alete sare iliyompita mtoto wake, imefuliwa na kushonwa vifungo. Mzazi mwingine achukue. Lakini kuna sharti moja: usimpe jirani kitu ambacho wewe ungeona haya kukivaa. Kumtupia mtu matambara si kumsaidia, ni kuhamisha taka tu.

Fungu la tatu: Vya kupewa kazi nyingine. Mitungi, mikebe, magunia, blanketi kuukuu. Tutavieleza hapa chini.

Fungu la nne: Vinavyooza. Maganda, mabua, majani, majivu, samadi. Hivi ni mbolea.

Fungu la tano: Vya kuuza. Vyuma, chupa, plastiki ngumu zenye mnunuzi.

Pia kuna vitu vya hatari ambavyo haviingii katika fungu lolote kati ya haya. Tutafika huko.

HATUA YA TATU: TUFANYE KAZI

a) Kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5 uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Pasha msumari moto, toboa tundu dogo upande wa mbele, chini kidogo ya kifuniko. Simika miti miwili yenye panda, pitisha fito katika mkono wa mtungi uning'inie. Funga kamba shingoni mwa mtungi, na mwisho wa kamba ufunge kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, mtungi unainama, maji yanachirizika. Sabuni itoboe, uitundike kando kwa kamba. Weka mawe chini ili pasiwe na tope. Mtu aliyetoka chooni hagusi mtungi kwa mikono, na maji kidogo yanatosha watu wengi. Weka kimoja karibu na choo na kingine karibu na jiko.

b) Bustani ya gunia. Gunia la kilo 90 lililochakaa bado linaweza kulisha mboga. Changanya karai mbili za udongo mzuri na karai moja ya samadi iliyoiva. Chukua mkebe wa kilo 2 uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, uujaze mawe madogo. Jaza udongo pande zote za mkebe, kisha uvute mkebe juu kidogo na kuacha mawe ndani. Jaza tena mawe, jaza tena udongo, mpaka gunia lijae. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji, bila hiyo mimea ya chini itakauka. Toboa matundu mbavuni mwa gunia, yaachane kama shubiri moja, upande miche ya sukuma wiki. Juu upande vitunguu au dania. Mwagilia maji uliyosuuzia vyombo. Gunia likae karibu na mlango wa jiko, mbali na kuku.

c) Kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au katoni ngumu. Tandika ndani blanketi kuukuu au matambara safi yaliyoshindiliwa mpaka unene wa kiganja, pande zote na chini, uache shimo la kutosha sufuria. Shona mto wa matambara wa kufunika juu. Sufuria ya mchele ikishachemka vizuri, iondoe motoni na kifuniko chake, itie kikapuni haraka, funika na mto, usifungue kwa saa moja. Itaiva bila kuni. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kikapuni. Maharagwe yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Chakula kilichopoa kikapuni kirudishwe motoni kichemke kabla ya kuliwa. Kazi hii inapunguza safari za kuni, na akina mama wanajua mgongo unasemaje juu ya hizo safari.

d) Makaa ya vumbi. Vumbi linalobaki chini ya gunia la makaa usilitupe. Lichanganye na udongo wa mfinyanzi kidogo, au na karatasi zilizolowekwa mpaka zikawa uji. Finyanga madonge kama yai, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Yanawaka polepole, yanafaa kwa githeri. Ukizidisha udongo hayatawaka, kwa hiyo jaribu machache kwanza. Na kama makaa mengine yote, usiyawashe ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Hewa yake huua watu usingizini.

e) Mboji. Chagua mahali penye kivuli. Chini weka vijiti na mabua yaliyokatwakatwa. Juu yake majani makavu, halafu majani mabichi, halafu samadi, halafu majivu na udongo kidogo. Nyunyizia maji kila tabaka, urudie mpaka lundo lifike kiunoni. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Pindua lundo baada ya wiki tatu, halafu tena baada ya wiki tatu nyingine. Kwa kawaida mboji iko tayari katika miezi miwili hadi mitatu. Plastiki, vioo na betri visiingie humo kamwe.

TAHADHARI: VITU VYA HATARI

Hapa tunawaomba msikilize kwa makini.

Tumewahi kumsindikiza mama mmoja hospitalini usiku akiwa amembeba mtoto wa miaka miwili. Mafuta ya taa yalikuwa katika chupa ya soda. Mtoto aliona soda, akanywa. Alilazwa siku nne akihema kwa shida. Mungu alimsaidia, akapona. Wengine hawaponi. Mama yule alikuwa ametumia chupa tena ili asipoteze pesa. Nia yake ilikuwa njema, lakini chupa ilikuwa na sura ya kinywaji.

Kwa hiyo tushike haya:

- Chupa ya kinywaji isitiwe mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea mifugo wala sabuni ya maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa usimtapishe, mkimbize hospitalini.
- Mkebe au chupa ya dawa ya mimea isitumiwe tena kwa chakula, maji wala maziwa, hata ukiiosha mara kumi. Isuuze mara tatu, maji hayo yamwage ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha itoboe mtu asiweze kuiokota na kuitumia. Mwulizeni mwenye duka la dawa za kilimo mahali pa kuirudisha.
- Betri za tochi na za gari zisichomwe, zisivunjwe, zisitiwe chooni. Betri ya gari ina risasi na asidi. Risasi hudhuru akili ya mtoto. Iuzeni nzima kwa wanaoinunua.
- Plastiki na magurudumu yasichomwe wala kutumiwa kuwashia moto jikoni. Moshi wake ni sumu.
- Gurudumu, mkebe au chupa iliyoachwa nje hukusanya maji ya mvua, na mbu huzaliana humo. Mbu wa namna hiyo ndio wanaoeneza dengue na chikungunya, magonjwa yaliyowahi kusumbua watu wa Mombasa. Geuzeni, toboeni au wekeni ndani.

HATUA YA NNE: KUUZA BILA KUPUNJWA WALA KUGOMBANA

Kikundi kikiamua kuuza, kikubaliane kwanza na katibu aandike:

1. Kila kitu kipokewe mbele ya watu wawili, na mwenye kukileta aseme kwamba nyumba yake imekubali. Jina lake, kitu na tarehe viandikwe.
2. Vitu vikae wiki mbili kabla ya kuuzwa. Mwenyewe akibadili nia achukue chake bila maneno.
3. Tupime sisi wenyewe kabla mnunuzi hajafika. Mizani ya posho mill au ya kituo cha kununua kahawa itatufaa, tukiomba kwa heshima.
4. Tuulize bei kwa wanunuzi wawili au watatu. Mnunuzi wa vyuma awe na leseni, maana sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka wa 2015 inadai hivyo.
5. Tusipokee nyaya za stima, mifuniko ya mitaro, vyuma vya reli wala alama za barabara. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Gunia moja la wizi linaweza kupeleka kikundi kizima kituo cha polisi.
6. Tukubaliane mapema pesa zitagawanywaje: kiasi gani kwa aliyeleta, kiasi gani kwa mfuko wa kikundi. Mweka hazina asome hesabu katika kila mkutano. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa kutojua pesa zilikwenda wapi, hata kama ni chache.

Watoto wasitumwe kuokota vyuma na vioo mahali pa kutupia taka. Watu wazima wavae viatu, na wafunge mikono kwa kitambaa kizito.

TAFAKARI

Someni Injili ya Yohana, sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 13. Sote tunakumbuka mikate mitano na samaki wawili. Lakini mara nyingi tunafunga Biblia kabla ya mwisho. Watu waliposhiba, Yesu aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu, na vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kulisha watu elfu tano angeweza kuacha makombo majanini. Hakuacha. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka wa 2015, alionya juu ya tabia ya kutupa, inayoanza kwa vitu na kuishia kwa watu: wazee, wagonjwa, maskini.

Tujiulize: anayekiita kitu takataka bila kuuliza, je, hawezi kumwita mtu vivyo hivyo?

KAZI YA NYUMBANI

1. Kila mwanachama afanye matembezi ya boma lake pamoja na watu wote wa nyumba kabla ya mkutano ujao.
2. Achague jambo moja kati ya a hadi e, alifanye, na aje aeleze lilivyokwenda. Likishindikana pia aje aseme, maana kushindwa kwa mmoja kunafundisha wengi.
3. Kikundi kichague watu wawili wa kukagua chupa na mikebe ya hatari katika nyumba za wanachama, kwa upole na kwa ruhusa.

Mkitaka kujua habari za wenzetu wa Ukambani: wale wanachama wawili walirudi baada ya msimu mmoja. Siku hizi kila kitu kinachofika kwao hukaa wiki mbili chini ya mwembe wa mwenyekiti, kimeandikwa jina. Na yule mzee wa plau ndiye huwasaidia kupima.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.